Kabla ya Kukoroga Uji: Namna ya Kuupima Unga wa Pakiti

Mada yetu ya leo ni unga wa uji wa watoto, ule unaouzwa ukiwa tayari umesagwa na kufungwa kwenye pakiti.

Siku hizi ukiingia dukani Nyamache, Nyangusu, Ogembo au Kisii mjini, utaona pakiti za kila rangi. Moja ina picha ya mtoto mnene anayecheka. Nyingine imeandikwa kwamba ina nafaka saba, nyingine kwamba huongeza damu. Zote zinasema ni bora. Je, wewe mnunuzi utajuaje? Nafaka ikiwa bado ni punje unaweza kuimwaga kwenye ungo, ukaichambua na kuitoa mbovu. Ikishasagwa, nzuri na mbaya zinafanana. Ndiyo sababu unga wa pakiti unahitaji macho zaidi.

Mbwa wanatufundisha nini?

Usishangae nikianza na mbwa. Mnamo 1977 na 1978, hapa Kenya, mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret. Chakula chao ndicho kilichokuwa na sumu, kwa sababu kilihifadhiwa vibaya kikaota kuvu. Mwisho wa 2020 jambo kama hilo lilitokea Marekani. Zaidi ya mbwa 70 waliripotiwa kufa baada ya kula chakula kikavu cha mifuko kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumu hiyo hiyo. Mifuko ilikuwa mizuri, imeshonwa na kuandikwa vizuri, na wenye mbwa walikuwa wamelipa pesa zao.

Kwa nini mbwa hao waliumia wakati watu wa nyumba hiyo walikuwa wazima? Sababu moja kubwa ni hii: mbwa wa aina hiyo hula mfuko mmoja asubuhi na jioni, kila siku, mpaka uishe. Mtu mzima leo hula ugali, kesho ndizi, keshokutwa viazi. Mbwa hana nafasi hiyo. Mfuko ukiwa na sumu, sumu yote ni yake.

Sasa fikiria mtoto wako wa miezi minane. Asubuhi uji, saa nne uji, jioni uji, na wote unatoka pakiti ile ile. Mwili wake ni mdogo na ini lake ni changa. Mama, hapo ndipo ninapotaka tufike leo. Mtoto anayelishwa kutoka mfuko mmoja anaitegemea afya ya mfuko huo. Kwa hiyo tuupime mfuko kwanza, kisha tuhakikishe si chakula chake pekee.

Sumu hii ni nini?

Inaitwa aflatoksini, na wengine huiita sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu wanaoota juu ya mahindi na njugu karanga hasa, ingawa nafaka nyingine pia hupatwa. Kuvu hupenda unyevu na joto. Mahindi yakivunwa mabichi, yakirundikwa chini kabla hayajakauka, au yakinyeshewa kwenye gunia, kuvu huanza kazi yao.

Mambo matatu ni lazima uyajue. Kwanza, sumu yenyewe haina rangi, harufu wala ladha. Unachokiona na kukinusa ni kuvu, na kuvu wanaweza kusuguliwa au kusagwa wasionekane, huku sumu ikibaki. Pili, moto wa jikoni hauiondoi. Kuchemsha uji kwa saa nzima hakutoshi. Tatu, kuchekecha unga hakuitoi.

Nchi yetu inaijua sumu hii. Mwaka 2004, katika maeneo ya Makueni, Kitui na jirani zake, watu 317 waliugua na 125 kati yao wakafariki baada ya kula mahindi yaliyoota kuvu. Yalikuwa mahindi ya nyumbani na ya soko, chakula cha kila siku. Mnamo Novemba 2019, Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, lilisimamisha vibali vya aina tano za unga wa mahindi wa pakiti kwa sababu ya sumu hii. Kwa hiyo wala gunia la shambani wala pakiti ya dukani haijihakikishii usalama yenyewe.

Sumu ikiwa nyingi huua ini kwa siku chache. Ikiwa kidogo kidogo kwa muda mrefu, huongeza hatari ya saratani ya ini, hasa kwa mtu mwenye homa ya ini aina ya B. Tena imeonekana kuambatana na watoto kudumaa. Ndiyo sababu moja ya kutokosa chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kwani ndani yake mna kinga ya homa ya ini aina ya B.

Hatua ya kwanza: soma pakiti kabla ya kulipa

Usione haya kusimama dukani ukisoma. Pesa ni zako na mtoto ni wako. Kama macho hayaoni vizuri, mwombe mtoto wa shule akusomee. Tazama mambo haya:

Vilivyomo. Vitu vilivyochanganywa huandikwa kwa mpangilio wa uzito. Kilicho kingi huanza, kilicho kidogo humalizia. Pakiti inaweza kuwa na picha kubwa ya soya na njugu, lakini ukisoma unakuta mahindi, muhogo, mchele, kisha soya mwisho kabisa. Hapo umenunua unga wa mahindi kwa bei ya soya. Na sukari ikiwa ya pili au ya tatu, rudisha pakiti kwenye rafu. Mtoto mdogo hahitaji sukari kwenye unga.

Kama kuna jedwali la virutubisho, linganisha pakiti mbili kwa kipimo kimoja, yaani kwa kila gramu 100. Unga wa nafaka tupu huwa na protini ya gramu 7 hadi 10 hivi. Ukiambiwa unga umejaa soya, na jedwali linaonyesha gramu 7, basi soya ni ya jina tu.

Tarehe. Tafuta siku uliposagwa na siku ya mwisho ya kutumika. Tarehe iliyofutika, iliyobandikwa juu ya nyingine au isiyokuwepo ni sababu tosha ya kuacha. Unga wenye njugu, soya au omena huharibika upesi kuliko wa wimbi pekee, kwa sababu una mafuta.

Alama ya ubora ya KEBS. Chini ya alama hiyo huwa na nambari ya kibali. Unaweza kuithibitisha kwa simu yoyote, hata ile ndogo ya kubonyeza. Andika SM, kisha alama ya #, kisha nambari ya kibali, utume kwa 20023. Jibu litakuambia kibali ni cha nani na cha bidhaa gani. Jina likiwa tofauti na la pakiti, usinunue.

Jina na mahali pa mtengenezaji. Asiyetaka kujulikana anakoishi, mtoto akiugua utamtafuta wapi?

Pakiti yenyewe. Isiwe imetoboka, imelowa, imeshonwa upya au kuliwa na panya. Angalia pia duka limeihifadhi wapi. Unga uliowekwa sakafuni, karibu na mafuta ya taa au dawa ya mifugo, haumfai mtoto.

Usidanganywe na bei wala picha. Bei kubwa wakati mwingine hulipia karatasi nzuri na matangazo. Bei ndogo mno nayo iulize swali, kwa sababu mahindi mabovu hununuliwa rahisi.

Hatua ya pili: fungua, ona, nusa

Ukifika nyumbani, mimina unga kidogo kwenye sahani nyeupe mahali penye mwanga. Unga mzuri ni mkavu na hutiririka. Ukiona mabonge, unyevu umeingia. Ukiona nyuzi kama za buibui, wadudu, au madoa ya kijani, ya kijivu au meusi, usiutumie.

Kisha unuse. Unga mzuri hunukia nafaka. Harufu ya uvundo, kama ya nguo iliyokaa bila kuanikwa, ni ya kuvu. Harufu ya mafuta ya zamani inaonyesha njugu au omena zimeharibika. Ukishaupika, onja wewe kwanza. Uji mchungu au unaowasha ulimi, mwaga. Usiufiche kwa sukari au limau.

Lakini kumbuka tulivyosema: ukipita majaribio haya yote, bado hujathibitisha kwamba hauna aflatoksini. Hayo hupimwa kwenye maabara. Majaribio ya nyumbani hukusaidia kuukataa unga mbovu. Hayawezi kukuahidi kwamba uliobaki ni salama kabisa. Ndiyo maana kuna hatua ya tatu.

Hatua ya tatu: usimfunge mtoto kwenye mfuko mmoja

Badilisha. Wiki hii uji wa wimbi, ule tunaouita obori, wiki ijayo mtama au mahindi. Wimbi letu ni chakula cha maana sana. Lina madini ya kalisi mengi kupita mahindi, na kwa kawaida halipatwi sana na sumu hii kama mahindi na njugu. Nyanya zetu hawakukosea kulithamini.

Wengi wetu tumezoea kuchanganya vitu kumi kwenye kinu: mahindi, wimbi, mtama, maharagwe, soya, njugu, omena, mbegu za malenge, hata majani makavu. Nia ni njema, lakini kuna hasara. Kitu kimoja kikiwa kibovu, kumi vyote vimeharibika. Mtoto akipata vipele au kuhara, hutajua ni kipi kimemdhuru. Maharagwe yaliyosagwa mabichi hayaivi vizuri kwa muda wa kupika uji. Na omena ikishasagwa huharibika upesi, ikauharibu unga wote.

Njia nzuri zaidi ni unga wa nafaka moja au mbili, halafu uurutubishe uji ukiwa kwenye sufuria. Ongeza maziwa yaliyochemshwa, au yai lililokorogwa na kupikwa hadi liive, au njugu ulizozichambua, kuzikaanga na kuziponda siku hiyo hiyo.

Tena, uji usiwe chakula pekee. Mtoto ananyonya maziwa ya mama tu hadi atimize miezi 6, bila uji wala maji. Akitimiza 6, aanze kula mara 2 au 3 kwa siku. Akifika 9, mara 3 au 4, na kitu kidogo katikati, huku akiendelea kunyonya hadi miaka 2 na zaidi. Katika milo hiyo, mpe ndizi iliyopondwa na maharagwe, viazi vitamu, chinsaga au managu yaliyokatwakatwa, parachichi, yai, samaki asiye na miiba. Shamba letu la milimani lina vyakula vingi. Kila mlo usiotoka kwenye pakiti hupunguza nguvu ya pakiti mbaya.

Na uji uwe mzito. Ukiinamisha kijiko, usimwagike kama maji.

Ukisagisha mwenyewe

Kwa wengi wetu kununua gorogoro la nafaka na kwenda nalo kwenye kinu ndiyo njia ya uhakika zaidi, kwa sababu punje unaziona. Zimwage kwenye ungo na utoe zilizooza, zilizovunjika, zilizotobolewa na zilizobadilika rangi. Kazi hii ya nusu saa hupunguza sumu kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa sumu nyingi hukaa kwenye punje chache mbovu.

Pima ukavu kwa chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, weka kiganja cha mahindi na kijiko kimoja cha chumvi kavu. Funga, utikise kwa dakika chache, uache itulie. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado ni mabichi. Ikianguka chini bila kushika, yamekauka.

Huku kwetu mvua hunyesha karibu kila mwezi, kwa hiyo anika juu ya turubai, si juu ya udongo mtupu, na uingize ndani kabla ya mawingu ya mchana. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Saga kidogo, wa wiki mbili au tatu, si wa miezi mitatu. Uhifadhi kwenye chombo kikavu chenye kifuniko, na usimimine unga mpya juu ya masalio ya zamani.

Nafaka mbovu ziende wapi?

Hapa tuna mazoea mabaya. Tukiona mahindi yameota kuvu, tunasema, "Hayo ni ya mbwa," au "Wapeni kuku." Mbwa yule analinda boma na kucheza na watoto. Ini lake haliwezi sumu hiyo kama vile la mtoto haliwezi. Kuku naye hudhoofika na kufa. Ng'ombe akilishwa nafaka hizo, sehemu ya sumu hupita kwenye maziwa, na maziwa hayo ndiyo unayoyatia kwenye uji. Umeitoa sumu mlangoni, imerudi kwa dirisha. Usizipikie pombe, wala usimuuzie mwenye kinu. Zizike kwenye shimo mbali na kisima na mifugo.

Kama nyumba yako hununua chakula kikavu cha mbwa, kikague kwa njia ile ile. Soma kilichoandikwa kwanza katika vilivyomo, maana picha ya nyama haimaanishi nyama. Tazama protini. Viwango vinavyofuatwa Marekani hutaka angalau asilimia 18 kwa mbwa mzima na asilimia 22.5 kwa mtoto wa mbwa. Tazama tarehe, nusa, na ukatae chenye uvundo. Usinunue kile kinachochotwa kutoka gunia lililoachwa wazi sokoni kwa wiki nyingi. Mbwa akikataa ghafla chakula alichokizoea, akitapika, akilegea au macho yakiwa manjano, acha chakula hicho mara moja na umwite daktari wa mifugo. Kikiwa karibu na jikoni, weka mbali na mikono ya mtoto anayetambaa, na unawe mikono baada ya kukishika.

Dalili za hatari kwa mtoto

Mpeleke hospitali bila kungoja ukiona macho au ngozi imekuwa manjano, tumbo limevimba au linauma, anatapika mara kwa mara, miguu imevimba, au amelegea hataki kunyonya. Beba unga kidogo kwenye karatasi safi na pakiti yake, ili wahudumu wajue alichokula. Kama watu wawili au watatu wa nyumba moja wana dalili hizo, sema hivyo ukifika tu. Na hata mwenye nyumba akisema ni kurogwa, hospitali kwanza.

Madhara ya polepole hayapigi kelele. Huonekana kwenye mizani na kwenye kipimo cha urefu. Kwa hiyo usikose kliniki na usisahau kijitabu cha mama na mtoto. Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako pia ana utepe wa kupima mkono. Kijani ni vizuri. Manjano ni onyo. Nyekundu ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Maswali tunayoulizwa

"Kikundi chetu cha akina mama husaga unga na kuuza bila alama. Tununue au tusinunue?" Alama hutolewa baada ya ukaguzi, na ni vizuri kikundi kiiombe. Kabla haijapatikana, mnunuzi awe na haki ya kuona nafaka kabla hazijasagwa na kuambiwa siku ziliposagwa. Mwuzaji mwaminifu hatakasirika kuulizwa.

"Nimeshafungua pakiti na ina uvundo. Nirudishe?" Ndiyo, rudisha pamoja na risiti, na mwambie mwenye duka aondoe nyingine za kundi hilo. Kisha mweleze afisa wa afya ya umma. Ukinyamaza, jirani yako atainunua kesho.

Kwa ufupi

Soma vilivyomo, tarehe na alama. Thibitisha nambari kwa 20023. Ona na unuse kabla ya kupika. Chambua nafaka unazosaga na uzipime kwa chumvi. Nafaka mbovu asile mtu, mbwa, kuku wala ng'ombe. Na zaidi ya yote, badilisha vyakula, mtoto asile mfuko mmoja kila siku.

Leo jioni, kabla ya kukoroga, toa ile pakiti kabatini uisome. Ukishaisoma, msomee na jirani.